Albamu Zetu Zimekosa Majina ya Kanga

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa mama. Jioni tumekaa uani, yeye anachambua mchele, mimi nimetumbukiza simu kwenye sufuria tupu ili sauti ivume (mbinu ya miaka yote, spika za bei mbaya zikae huko huko). Ikapiga "Tulizana", wimbo ambao Mbosso ameimba na bendi ya Njenje. Mama akasimamisha mkono juu ya ungo. "Hao si Njenje hao?" Nikamwambia ndio wenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kanda yenyewe inaitwaje.

"Definition of Love," nikasema.

"Nimekuuliza kanda, mwanangu. Hiyo uliyonitajia ni dawa."

Nilicheka, lakini swali lile nimerudi nalo Dar.

Kwanza niitendee haki albamu yenyewe, maana ilitoka Machi 2021 na bado sioni mtu aliyeizungumza inavyostahili. Mbosso ni mtoto wa Kibiti aliyejulikana kupitia Yamoto Band, na sauti yake ni ya mtu anayevuta neno mpaka linalainika, kama msoma kaswida aliyekosea njia akajikuta harusini. Humo ndani kuna "Baikoko", aliyomshirikisha Diamond, jina la ngoma ya kwetu Tanga ambayo wazee wengine hawataki watoto waione. Kuna hiyo "Tulizana", kijana wa Bongo Fleva amekaa chini ya bendi ambayo wazazi wake waliicheza. Anapomwita Flavour wa Nigeria kwenye "Sakata" wimbo ni mzuri, ila ni wa uwanja wa ndege: ungeweza kuimbwa na yeyote anayesubiri ndege yoyote. Kilichobaki ni Pwani tupu, nazi na iliki. Halafu juu yake pamebandikwa jina kama la mada ya semina.

Wala si yeye peke yake. Diamond alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018. Harmonize akaja na Afro East mwaka 2020, mwaka uliofuata High School. Rayvanny, Sound from Africa. Marioo, The Kid You Know. Darassa, Slave Becomes a King. Fungua yoyote kati ya hizo usikilize: Kiswahili kimejaa mpaka kinamwagika, tena Kiswahili cha mtaani chenye chumvi yake. Jina tu ndilo limevaa tai.

Nakumbuka zamani ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumbani tulikuwa na redio ya kaseti, na kaka yangu alikuwa na kazi moja aliyoifanya kwa moyo wake wote, kunakili kanda za rafiki zake. Akimaliza anaandika jina kwa peni kwenye karatasi ya pembeni. Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay ilimshinda, haikuenea, akamalizia "Damu" kwa herufi za sisimizi. Kulikuwa na Ugali ya Juma Nature. Mkuki Moyoni ya Afande Sele. Machozi, kisha Binti, za Lady Jaydee. Kulikuwa na Mapinduzi Halisi, ya Jay tena, mtu aliyewacheka wanasiasa kwenye "Ndio Mzee" halafu mwaka 2015 akagombea na kushinda ubunge wa Mikumi. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Soma majina hayo kwa sauti. Mkuki Moyoni. Machozi Jasho na Damu. Hayo ni majina ya kanga.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanaume unaweza kudhani jina ni pambo. Muulize mwanamke aliyekaa dakika ishirini dukani Kariakoo akipekua doti baada ya doti, rangi ameshaipenda, lakini maneno yake hayamhusu mtu yeyote anayetaka kumfikishia salamu. Ataiacha. Jina ndilo linalomfanya aivae siku fulani, mbele ya jirani fulani, akapita mara mbili. Taarabu ya mipasho na kanga zimelishana hivyo miaka nenda rudi, maneno yanatoka jukwaani yanaingia kitambaani, yanatoka kitambaani yanarudi jukwaani, na mtu mmoja mahali fulani anajua kwamba ni yeye anayesemwa.

Ndiyo maana I Am Zuchu ya mwaka 2020 inanichekesha kuliko zote. Mle ndani kuna "Mauzauza", Zuchu na mama yake mzazi, Khadija Kopa, malkia wa mipasho aliyetamba na kundi la TOT (Tanzania One Theatre) miaka ya 1990. Mama mtu amekulia kwenye sanaa ambayo kujitangaza waziwazi "mimi ni fulani" ni ushamba. Unasema kwa fumbo, mwenye akili atakutambua na mwenye donge atakohoa. Wimbo una akili hiyo yote. Kava likatoka limevaa kitambulisho.

Sababu naijua, si ya kishenzi. Zamani jina la albamu liliandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya rafu Kariakoo na pesa ya kanda moja tu mkononi. Lilitakiwa limkamate hapo hapo. Siku hizi wimbo unatoka mmoja mmoja, unaonwa YouTube, unachezwa kwenye bodaboda, na ukija kukusanywa kuwa albamu mtaani wameshauzoea. Mtaani hawaulizi albamu, wanauliza wimbo. Kwa hiyo jina halimlengi tena mnunuzi wa Kariakoo. Linamlenga anayepanga orodha za nyimbo kwenye programu za muziki, mwandaaji wa tamasha Ulaya, na kamati ya tuzo. Ni kadi ya biashara. Wakenya nao wamepita njia hiyo hiyo: Sauti Sol walianza na Mwanzo, wakaja kufika Midnight Train mwaka 2020.

Mtu ataniambia dunia haijui Kiswahili. Sawa. Dunia ilikuwa inajua Kihispania lini? Bad Bunny wa Puerto Rico alitoa Un Verano Sin Ti mwaka 2022, jina la Kihispania, nyimbo za Kihispania, na ikawa albamu ya kwanza ya Kihispania kitupu kuteuliwa kuwania Albamu Bora ya Mwaka kwenye Grammy. Kihispania kina watu wengi kuliko sisi, najua, na mamilioni kati yao wako Marekani penye soko lenyewe. Lakini msikilizaji wa London ambaye haelewi hata wimbo mmoja wa albamu hawezi kuokolewa na maneno matatu ya kwenye kava. Ama muziki umemshika ama haujamshika.

Moja naitetea, nayo ni Only One King ya Alikiba, ya mwaka 2021. Hiyo ni mpasho. Ukiijua miaka yote ya mashabiki wake na wa Diamond kurushiana maneno, unajua barua ile imeandikiwa nani na bahasha haikuhitaji anwani. Na wimbo wa "Utu" uliomo humo ni katika nyimbo za mapenzi zilizotulia kuliko zote nilizosikia miaka hii, hana haraka, anaimba kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Ila fikiria angeiita Mfalme ni Mmoja. Wiki ya pili tu wenye maduka ya vitambaa wangeshaipeleka kiwandani, na kina mama ambao hawajawahi kufungua programu ya muziki maishani mwao wangekuwa wanaitangaza bure misibani na harusini.

Sisemi kila jina la Kiswahili ni zuri. Young Lunya aliita albamu yake ya mwaka 2023 Mbuzi, na neno hilo limetoka kwenye kifupi cha Kiingereza GOAT, "Greatest of All Time", yaani bingwa wa nyakati zote, ambacho kikisomwa kama neno ni "mbuzi". Kwetu ukimwita mtu mbuzi jiandae kukimbia. Lakini nilivyomtajia kaka yangu alicheka, akauliza ni nani, akaitafuta. Jina likafanya kazi yake.

Siku ninaondoka Tanga mama alinipa flashi ya redio yake nimwekee nyimbo. Nikaiweka albamu ya Mbosso yote. Nilipofika mahali pa kuandika jina la folda nikamuuliza niiandikeje, asije akaipoteza.

"Andika Tulizana," akasema, "na iwe ya kwanza."

Nikaandika kwa herufi kubwa. Ikaenea.