Mkataba asaini profesa, nje atolewe mwanafunzi

Juzi nimepata ile barua pepe ya kila mwaka, kamilisha mafunzo ya udhibiti wa teknolojia (zile sheria za kitu gani kisipelekwe nje wala kuonyeshwa mgeni bila leseni ya serikali) kabla ya Ijumaa la sivyo kadi yako itafungwa, basi nikakaa dakika 45 nabofya mbele, mbele, mbele, namwangalia yule jamaa wa suti anavyotabasamu kwenye video, halafu kwizi ya maswali 10. Nikapata 9. Nililokosa liliuliza nani mwenye jukumu la kuhakikisha sheria inafuatwa. Nikajaza "chuo". Jibu sahihi: "wewe". Haya bwana.

Hilo "wewe" limenikaa kooni wiki nzima maana limenikumbusha dada mmoja tuliyekuwa naye maabara moja hapa Marekani, wa uzamivu kama mimi, anatoka moja ya zile nchi ambazo ukizitaja tu watu wa fomu wanaanza kukohoa. Miaka 2 anahangaika na sensa zake (vile vifaa vya kuhisi na kupima, si ya kuhesabu watu), anazitengeneza, zinaungua, anaanza upya. Jumatatu moja anafika, kadi haifungui mlango. Tukajua kadi imekufa tu, nikamfungulia kwa yangu (najua, na hilo nalo kosa, msinianze). Saa 4 supavaiza akamwita. Aliporudi akawa anakusanya madaftari kimya kimya.

"Dada, vipi tena?"

"Kaka, naambiwa sina kosa lolote. Ni mkataba tu."

Ni mkataba tu! Kumbe mfadhili alikuwa ameongeza hela, na pamoja na hela akaongeza vipengele viwili. Kimoja, hakuna kuchapisha chochote bila idhini yake ya maandishi. Cha pili, hakuna raia wa kigeni kugusa mradi bila idhini yake. Profesa akasoma ukurasa wa hela, akasaini. Ofisi ya utafiti ya chuo nayo ikasaini. Aliyebeba gharama, yaani dada, hakuwepo hata kwenye kikao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, ila hii kamba walimfunga wenyeji wake mwenyewe.

Na hapa ndipo nataka nigombane na watu, kwa sababu kila ukilalamika unajibiwa "ni sheria za serikali, sisi tufanyeje". Uongo. Au tuseme nusu uongo. Serikali ya Marekani iliacha mlango wazi zamani sana, tangu tarehe 21 Septemba 1985, enzi za Rais Reagan, katikati ya vita baridi ile yenyewe, wakati kila mtu anaona jasusi wa Kisovieti nyuma ya pazia. Agizo lake linaitwa NSDD-189. Linasema utafiti wa msingi, ule ambao matokeo yake kwa kawaida huchapishwa na kusambazwa kwa wanasayansi wote, uachwe huru kadiri inavyowezekana, na kama kuna kitu kinahatarisha usalama wa taifa basi kiwekwe muhuri wa siri moja kwa moja. Kanuni za Wizara ya Biashara za kupeleka teknolojia nje zina mlango huohuo, na zile za silaha zilizo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje nazo zina wa kwao. Matokeo ya utafiti wa namna hiyo unaweza kuyajadili na mwanafunzi wa nchi yoyote bila leseni.

Ila mlango una komeo moja tu, na komeo liko ndani. Ukikubali mtu mwingine awe na kura ya turufu juu ya kuchapisha, utafiti wako si wa msingi tena. Umeufunga mwenyewe. Mfadhili kuomba siku kadhaa aisome pepa aone kama kuna siri yake ya biashara au kitu cha kukatia hataza, hiyo inaruhusiwa, haiharibu kitu. Lakini "bila idhini yetu haitoki", hapo umeshatoka kwenye kivuli cha agizo lile, na kuanzia dakika hiyo kila mchoro, kila jedwali, kila maelezo ya ubaoni yanaweza kuwa mali ya kuombewa leseni. Na mnajua wenzangu, si lazima kitu kipande ndege. Ukimwonyesha mchoro unaodhibitiwa mtu wa nchi nyingine mkiwa meza moja, kikombe cha chai katikati, sheria inahesabu mchoro umeshatua kwao.

Kwa hiyo vipengele viwili vya mistari michache ndivyo vilivyomtoa yule dada nje. Vingeweza kukataliwa. Vipo vyuo vinavyokataa, vinamwambia mfadhili tutakupa siku za kusoma lakini kalamu ya mwisho yetu, na mara nyingi mfadhili anakubali kwa sababu kile kipengele alikinakili tu toka mkataba wa kiwandani. Lakini kukataa kunataka mtu wa ofisi ya mikataba akae, asome, apige simu tatu, abishane. Kuandikia wanafunzi barua pepe ya mafunzo ni rahisi zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sawa, nitakubali, kwa shingo upande. Sheria yenyewe si upuuzi. Kuna yule profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, John Reece Roth, alikuwa na kazi ya Jeshi la Anga, vifaa vya plazma (gesi yenye chaji ya umeme) vya kusaidia ndege zisizo na rubani kuruka, akawaingiza mradini mwanafunzi wa China na wa Iran, akaenda China na laptopu yenye mambo yake ndani, wakati ofisa wa chuo chake mwenyewe alikuwa ameshamwonya kuwa kazi ile inadhibitiwa. Mwaka 2008 akatiwa hatiani, 2009 akahukumiwa miaka 4. Mzee wa miaka zaidi ya 70. Simtetei. Ila mara zote nikiona kisa chake kwenye slaidi za mafunzo kinasimuliwa kama onyo kwa wanafunzi wageni, wakati aliyefungwa ni profesa, mzawa, mwenye mkataba mkononi.

Vitu vya kushikika ni habari nyingine, ule mlango wa 1985 hauvisaidii. Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2021 walikubali kulipa dola 54,000 kwa kusafirisha vimelea vya magonjwa ya wanyama mara 37 bila leseni, na walijiripoti wenyewe. Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 2024 ilikuwa nzi wa matunda, ndiyo, nzi, waliowekewa jeni ya sehemu ya sumu ya risini, vifurushi 42 kwenda maabara za nchi mbalimbali. Faini hawakupigwa. Mimi mwenyewe nilishawahi kuweka kamera ya joto ya maabara kwenye begi la mgongoni niende nayo kwenye kongamano nje ya nchi, namshukuru fundi wetu aliyeniuliza "hiyo inapiga fremu ngapi kwa sekunde?" Nikamwona ananisumbua. Kumbe za fremu 9 kushuka chini zina unafuu, za juu ya hapo ni mjadala mwingine, na yangu ilikuwa ya 30. Nikairudisha kabatini nimefyata mkia.

Na msidhani ni Marekani peke yake. Uholanzi mwaka 2012 walimwambia Ron Fouchier, yule mtafiti wa virusi vya mafua ya ndege H5N1, aombe leseni ya kusafirisha nje ndipo atume pepa yake ikachapishwe. Pepa! Akaomba huku analalamika, akapewa, na bado wakafikishana mahakamani.

Nirudi kwa dada. Kitu kilichonichoma zaidi ni ile siku alipoitwa aandike uraia wake. Wizara ya Biashara inatazama uraia wako wa mwisho au ukaazi wako wa kudumu, lakini zile kanuni za silaha zinataka kila uraia uliowahi kuwa nao maishani, na chuo kwa kujihami kikauliza yote, akakaa pale anajaza pasipoti aliyoiacha akiwa mtoto wa miaka 6. Folda ya data ikafungwa. Sura nzima ya tasnifu ikabaki humo ndani. Akaanza mada nyingine, akachelewa zaidi ya mwaka, na ule mwaka hakuna mfadhili aliyeulipia.

Pepa ya ule mradi ilikuja kutoka. Mfadhili akaridhia, tena ikawekwa wazi mtandaoni, bure, mtu yeyote kwenye ile nchi yao anaweza kuishusha sasa hivi. Dada ndiye aliyenitumia linki. Mchoro wa 3 ni sensa yake. Jina lake liko kwenye shukrani, mstari wa mwisho, na wamekosea herufi moja.