Mlima usio na majirani

Katika maduka ya picha na vinyago ya Moshi na Arusha kuna mchoro mmoja unaojirudia hadi jicho limeacha kuuona: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na theluji yake, tembo watatu mbele, mgunga pembeni, na hakuna binadamu hata mmoja. Sina ugomvi na wachoraji, kwani anayenunua ni mgeni na wao wana watoto wa kusomesha. Ninachokikataa ni dai kwamba picha hizo zinaonyesha ukaribu wetu na maumbile, ilhali zimechorwa kwa jicho la mtu aliyesimama mbali kabisa, tena upande ambao migomba haionekani.

Wazee wa Uchagani waliuchora mlima huu kwa maneno, na kwao ulikuwa na tabia za watu. Mawenzi, kilele jirani cha Kibo, wanasimulia, alizoea kuzimikiwa na moto akaenda kuomba makaa kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi na akapewa za kula. Alipoona ukarimu ule ni mtamu, akarudi tena na tena kwa kisingizio kilekile, mpaka Kibo akachoka na kumshushia mchi, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Ugomvi wa namna hiyo huwezi kuutunga juu ya kitu unachokistaajabia tu kwa mbali. Unautunga juu ya jirani ambaye maji yake hukufikia shambani kwa mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mikono, na ambaye usipousafisha mfongo huo mgomba wako unanyauka. Hata sale, mmea wa majani marefu, lina kazi mbili kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani: linaweka mpaka kati ya ndugu, na ndugu hao wakikosana, mkosaji hushika jani lake mkononi kwenda kuomba msamaha.

Nikilinganisha, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, alikuwa karibu zaidi na maumbile kuliko wachoraji wengi wanaotumia jina lake leo. Katika kazi zake za mwanzo mnyama mmoja hujaza karibu ubao wote, nyuma yake rangi tupu, naye anakukodolea macho kama mtu aliyekukuta uani kwake bila hodi. (Mtalii anayetaka mandhari hana pa kukimbilia hapo.) Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu.

Picha ninayoitafuta bado sijaiona dukani. Ni alfajiri ya kihambani, Kibo amechungulia juu ya migomba kabla mawingu hayajamfunika, na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani anapita chini yake bila kuinua macho, kwa sababu anawahi kukamua.