Bomu la Tazara halikuwa bomu

Kabla hamjaendelea kusambaza ile klipu ya gari langu likipiga PAA darajani Tazara: gari halikulipuka, na mjomba hakulia. Alipiga kelele tu. Na wewe rafiki yangu uliyekuwa nyuma yetu unarekodi badala ya kushuka kusukuma, tutaonana.

KE70 yangu mnaijua, ile Corolla ya marehemu baba, injini 4K. Pembeni ya distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, kuna kikopo cha bati chenye utando ndani, na mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Injini ikivuta hewa, utando unavutika, moto wa plagi unawahi kidogo, gari linakuwa jepesi na halili mafuta. Ukikanyaga mpaka chini, mvuto unakata na moto unarudi kwenye muda wake wa kawaida. Yote haya nilijifunza Ijumaa usiku kwenye simu huku nakula mihogo. Jumamosi asubuhi nikaamka fundi.

Nikachomoa mpira, nikaufyonza kwa mdomo, bamba la ndani likacheza. Raha niliyoisikia! Mama wa jirani akapita akanikuta nanyonya gari. Akasalimia, nikaitikia kwa pua. Kisha nikaurudisha mpira, ila kwenye kipua cha chini, kile chenye mvuto hata gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, nikapima taimingi, yaani moto unawahi kiasi gani, kwa taa, mpira ukiwa hapohapo. Wenye kujua mmeshashika vichwa: mpira unachomolewa, unazibwa, ndipo unapima. Mimi nikaona moto umewahi mno, nikazungusha distribyuta hadi digrii 8. Kumbe zile 8 nilikuwa nimeazima kwa mpira: mvuto ukikata, moto unachelewa.

Sailensi ikatulia kama maji ya mtungini.

Alasiri tukaondoka kwenda kuposa Gongo la Mboto. Mjomba ndiye mshenga, kakaa mbele, kanzu na koti, barua ya posa kwenye leso juu ya mapaja. Shangazi nyuma na marashi yake. Barabara ya Nyerere, tambarare, hakuna shida. Ndipo tukaanza kupanda daraja la Mfugale, pale Tazara.

Gari likaguna. Nikarudi gia ya tatu. Nikakanyaga zaidi, na kukanyaga huko ndiko kulikomaliza mvuto wenyewe. Gia ya pili. Bajaji ikatupita, abiria wake akaniangalia kama anayeaga mgonjwa. Mjomba akasema taratibu, "Mpwa wangu, tunakwenda posa, si mazishi." Nikaachia mafuta. Nikakanyaga tena.

PAA!

Kofia ya mjomba ikaruka juu ya dashibodi. Mjomba mwenyewe akaingia chini ya dashibodi, barua kifuani. Bodaboda wa mbele akalala juu ya tangi. Shangazi akaanza shahada, alipofika katikati, PAA! ya pili, akaanza upya. Kumbe moto ukichelewa, mafuta yasiyoungua yanawakia ndani ya ekzosti. Ekzosti ikapasuka mshono, injini ikazima, na konda wa daladala nyuma yetu akatoa kichwa: "Kaka, sogeza bomu lako, huku tuna watoto!"

Tulifika kwa bajaji, posa ikapokelewa, pilau likaliwa, yaishe.

Jana fundi wangu wa Keko kafungua boneti, kacheka, dakika kumi kamaliza. Akaniuliza ni nani aliyegusa taimingi. Nikamwambia ni fundi mmoja huko Temeke, hata jina lake silijui. Akamtukana huyo fundi mpaka akachoka. Na mimi nikaongeza tusi moja.