Kiwanja Hakikupanda Bei Chenyewe

Kijiweni kwetu Chang'ombe, hii ya Dodoma, kahawa ya asubuhi hainyweki bila ubishi. Msimu wa bajeti ndiyo usiseme: bungeni ni mwendo wa bodaboda tu kutoka hapa, lakini wanaokokotoa hesabu kwa ukali ni sisi wa kwenye benchi. Juzi mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha alikuja amekunja uso. "Serikali haijanipa hata tofali moja," akasema. "Mali yangu ni jasho langu. Wanataka kodi ya nini?"

Mzee huyu namheshimu, na kweli jasho limemtoka. Ila shamba alilolikata viwanja liko Iyumbu, na zamani pale palikuwa pa uwele na karanga. Mvua ikigoma, unavuna vumbi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, ukasinzia kwa miongo. Chuo Kikuu kikaja 2007. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahama, na safari hii ikahama kweli. Miaka yote hiyo mzee hakuongeza hata tuta moja shambani. Lami, nguzo za umeme, wizara zilizojengwa Mtumba, watumishi waliofika wakihangaika kutafuta pa kulala: vyote hivyo vimetoka kwenye kodi za watu, wakiwemo wavuvi wa Mwanza na mama lishe wa Mtwara ambao hawatakanyaga Iyumbu maisha yao yote. Asilimia 18 ya VAT kwenye sabuni ya kufulia, leo na kesho, ndiyo iliyompandishia mzee bei ya kiwanja.

Nikamwambia hivyo, kwa adabu. Akacheka. "Huna kiwanja wewe, mwanangu, ndiyo maana."

Kweli sina. Ni mpangaji, na hapo nami nina donda langu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda. Umeme nanunua mimi, nyumba ni ya mwingine. Tukaambiwa mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe. Haya, jaribu kumgongea mwenye nyumba mlango ukidai buku yako wakati mkataba unaisha mwezi ujao! Kulipa kodi sina tatizo nako. Kinachoniudhi ni kodi inayompita mwenye mali ikamkamata aliye karibu na mita, halafu mwenye mali ndiye anakuja kijiweni kulia kwamba ananyonywa.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Kwani mzee, nyumba zote hizo za nini?" Mzee akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Wagogo wa zamani wangekuwa na jibu. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, lakini tajiri hakuwajaza wote zizini kwake. Aliwakopesha ndugu na majirani. Wao wanakamua maziwa, ng'ombe anabaki wake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yamepona. Mali ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa imelala nyumbani kwa wengine. Sizipambi siku hizo. Njaa ya Mtunya, karibu na mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekomba ng'ombe na nafaka za Ugogo. Nayo ilikuwa serikali. Ukimwona mzee wa huku anashtuka akisikia kwamba kuna kitu kinatakiwa na wakubwa, usimwite mbishi haraka.

Wapo wanaotuambia pesa haileti maana ya maisha. Wengi wao nimewachunguza: ada za watoto zimeshalipwa. Mimi nasema pesa inaleta usingizi, na usingizi si kitu kidogo kwa mtu anayedaiwa. Ila usingizi huo unatosha na nyumba ya kwanza, tuseme na ya pili. Nyumba ya sita inampa mzee nini, mbali na wapangaji sita wa kugombana nao?

Hakujibu. Alilipia kahawa zetu zote, na kashata juu. Muuzaji, bila shaka, hakutoa risiti, na hakuna aliyeidai.