Bermuda waliuza kitunguu, mbegu wakanunua

Mzaliwa wa Bermuda, kisiwa cha Bahari ya Atlantiki, akikwambia yeye ni kitunguu, hatanii. Ndivyo wanavyojiita kisiwani kule, na usiku wa kuamkia mwaka mpya, mjini St. George's, hushushwa kitunguu kikubwa cha taa watu wakishangilia. Zao lenyewe lakini lilishapoteza soko zamani. Na kumbe mwishoni mwa karne ya 19 meli zilikuwa zikijaza vitunguu vyake kwenda New York.

Wengi hulaumu ushuru wa Marekani. Uliumiza, sikatai. Ila kwangu shina la tatizo ni mbegu. Bermuda ilitegemea mbegu ya Tenerife, huko Visiwa vya Kanari. Wakulima wa Texas wakaagiza ileile, wakaipanda kwenye mashamba mapana karibu na reli, wakauza "kitunguu cha Bermuda". Kijiji kimoja cha huko Texas kikapewa hata jina hilo!

Sasa tuje kwetu. Hapa Dodoma, ukitaka kusifia kitunguu sokoni unasema ni cha Singida. Jina tunalo. Lakini mkulima anayenunua kopo la mbegu kila msimu, jina hilo analikodi tu, maana kopo hilohilo litaota popote penye maji na jua.

Kuzalisha mbegu si uchawi, ila kuna kosa moja linaloharibu kila kitu: kuvuna mbegu kwenye miche iliyotoa ua yenyewe shambani kabla ya kuweka kitunguu. Watu huona ni bahati, mbegu ya bure. Kumbe unachagua tabia ya kuchanua mapema, na baada ya misimu michache nusu ya jaruba ni maua matupu.

Mbegu hutoka kwenye kitunguu kilichokomaa. Vihifadhi ghalani miezi miwili au zaidi, kisha chagua ambavyo havijachipua wala kuoza: vyekundu sana, shingo nyembamba, visivyo pacha. Kudumu ghalani ni tabia inayorithiwa. Panda vitunguu hivyo mwishoni mwa Aprili au Mei, sentimita 30 kati ya kimoja na kingine, ili baridi ya Juni na Julai ivikute ardhini. Bila baridi hiyo utapata majani tu.

Nyuki ndio wanaochavusha, kwa hiyo aina nyingine ya kitunguu iwe mbali angalau kilomita moja, la sivyo utavuna chotara asiyejulikana. Ukilazimika kupiga dawa ya vithiripi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) wakati wa maua, piga jioni nyuki wamesharudi mzingani. Vichwa vya maua vikianza kupasuka na mbegu nyeusi kuonekana, kata. Ukingoja vyote vikauke, upepo wa Dodoma utakuvunia kabla yako. Anika juu ya turubai kivulini, pukuchua, pepeta.

Halafu usiirundike kwa miaka. Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka, hasa kwenye joto, na iliyopita mwaka mmoja si ya kuaminiwa. Kabla ya kusia, hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, fungua baada ya siku 10. Zikiota 80 na zaidi, kilo mbili hadi tatu zinatosha ekari. Zikiota chini ya 50, wape kuku.