Hesabu ya wiki kwanza, sindano baadaye
Eti kila mama aliyepangiwa upasuaji wa kujifungua achomwe sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Kila mama? Mimi ni mkunga huku Kigoma, sindano hiyo, deksamethazoni, naichoma: miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Ila Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 ilishauri isitolewe kwa upasuaji wa kupanga wa wiki 34 hadi 36 na siku 6 za ujauzito. Sukari ya kichanga nayo huweza kushuka kwa sindano hiyo. Kasheshe yetu ni hizo wiki zenyewe. Mama anashuka kwenye boti kutoka Kalya, ukimuuliza hedhi ya mwisho anakwambia "mahindi yalikuwa yanabeba", kadi haina ultrasaundi ya kuonyesha umri wa mimba. Hapo unampangia tarehe ipi? Wenzangu wa Tabora, wajawazito wenu wanapimwa ultrasaundi kabla ya wiki 24?