Silat ya Cimande na mzee asiyejitapa

Siku hizi mwalimu wa mapigano asiyejitangaza huonekana hana lolote. Tumezoea mabango: bingwa fulani, mkanda mweusi, picha amekunja ngumi na uso. Mimi nilijifunza silat, sanaa ya mapigano ya Indonesia, kwa mzee ambaye ukimsifu tu anageuza mazungumzo, anakuuliza kama umekula. Kwa muda nilidhani ni haya za uzeeni. Sasa naamini kwamba ule unyenyekevu ni sehemu ya ufundi, na kwamba asiyekuwa nao hawezi kufundisha mtindo ule hata kama anaujua wote.

Ilikuwa Bogor, Jawa Magharibi, nilikokwenda kusomea kilimo. Bogor ni mji wa mvua na wa vidaladala vya kijani viitwavyo angkot. Ukishika njia ya kusini kuelekea Sukabumi utafika Cimande, kijiji kilichozaa mojawapo ya mitindo mikongwe ya silat katika kisiwa cha Jawa. Mzee wangu tulimwita Abah, kama Wasunda, wenyeji wa Jawa Magharibi, wanavyomwita baba au mzee wa heshima. Alijifunza huko ujanani kisha akahamia pembezoni mwa mji. Mchana alikuwa na shamba lake la mihogo na wagonjwa wake wa mifupa. Usiku alikuwa na sisi, barazani, taa moja, mkeka mmoja.

Nilitarajia mateke. Cimande huanza kwa kukaa. Wawili mnakaa sakafuni mkitazamana, mmoja anapiga, mwenzake anakinga kwa kigasha, kisha mnabadilishana, tena na tena. Hatua hii ndiyo kelid, yenye harakati 33, na hakuna mto wala kinga ya mkono: mfupa unakutana na mfupa. Baada ya muda mfupi mkono unavimba, damu inavilia, ngozi inageuka rangi ya zambarau. Hapo mazoezi yanasimama na unakuja wakati wa balur. Abah anachukua mafuta ya nazi yaliyopikwa na mitishamba, anayapasha kwa viganja, anaukamata mkono wako na kuusugua huku kidole gumba kikitafuta palipovilia. Unauma kuliko kipigo chenyewe. Asubuhi unaamka ukitegemea kushindwa kushika kalamu, unakuta unashika.

Sasa nieleze kwa nini nasema unyenyekevu ni ufundi. Mwanafunzi mpya Abah alimketisha mbele yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyepigwa. Mzee wa miaka ile anampa kijana kigasha chake akigonge jioni nzima. Mara mojamoja anaacha ngumi ipite imfikie kifuani, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anaongeza mwendo kidogo, kiasi ambacho huwezi kukigundua. Ukijaribu kwa hasira mkono unakakamaa, na mkono uliokakamaa ndio unaoumia. Kwa hiyo unajifunza kulegea bila kuambiwa ulegee. Mwalimu anayetaka aonekane mshindi kila saa hawezi kazi hiyo. Atakuangusha, utamwogopa, na kukakamaa kwako kutazidi.

Hata hadithi ya asili ya mtindo huu inaelekea huko huko. Mwasisi anayetajwa ni Embah Kahir, mfanyabiashara wa farasi kwa simulizi za wengi. Inasemekana mkewe alikwenda mtoni akaona chui na nyani wanapigana, akasimama kutazama hadi akachelewa kurudi nyumbani. Mume akawaka, akataka kumpiga. Mke akakwepa kila pigo kwa yale aliyoyaona mtoni. Mume akachoka, akaketi, akaomba afundishwe. Kuna masimulizi mengine, na wanahistoria watabishana wanavyotaka, lakini jamii iliyoamua kusimulia kwamba babu wa mapigano yake alishindwa na mkewe imekwisha kukueleza inataka mwanafunzi wa namna gani.

Halafu kuna talek, kiapo cha Cimande. Kabla ya kuanza unaahidi kumtii Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kutowapinga wazazi, kutocheza kamari, kutoiba, kutosema uongo, kujiepusha na riya na takaburi. Hayo utayakuta katika viapo vingi. Yaliyonigusa ni yale madogo: usichume cha mtu bila idhini, usikwepe kulipa deni. Na kwa Abah hayakuwa mapambo. Mwenzetu mmoja alikuwa na deni la tambi kwenye kibanda cha jirani, mwenye kibanda akalitaja kwa Abah katika maongezi tu. Jioni ile kijana aliketi pembeni akatazama wengine. Hakukemewa, hakuaibishwa. Alirudishwa mkekani alipolipa. Kiapo kinaambatana na keceran, ambapo maji ya jani la tambuu hudondoshwa machoni mwa mwanafunzi ili, wanavyosema, apate kuona vizuri. Yanawasha.

Cimande haibaki sakafuni, ieleweke. Kuna pepedang, ambayo ni ya kusimama na inatokana na matumizi ya upanga, na kuna tepak selancar, ambayo huchezwa kwa ngoma, gongo na zumari. Mtu wa Lamu aliyezoea kutazama kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, wakati wa Maulidi asingejiona mgeni pale: wazee wawili wanazungukana kwa madaha, zumari inalia, na wajuzi tu ndio wanaotambua ni wapi mmoja angeweza kumvunja mwenzake na akaacha.

Najua kuna watakaosema haya ni mapenzi ya mtalii, na kwamba silat iliyo hai iko uwanjani. Wana hoja. Chama cha taifa, IPSI, kiliundwa Surakarta mwaka 1948, miaka mitatu tu baada ya tangazo la uhuru, na bila chama hicho mitindo mingi ingebaki kila mmoja kijijini kwake. Kwenye Michezo ya Asia ya 2018 Indonesia ilichukua dhahabu 14 kati ya 16 zilizoshindaniwa katika silat. Mpiganaji mmoja, Hanifan Yudani Kusumah, alipomaliza alipanda jukwaa la wageni akawakumbatia kwa pamoja Rais wa wakati huo, Joko Widodo, na Prabowo Subianto, aliyekuwa mwenyekiti wa IPSI, wakati wawili hao walikuwa mahasimu wanaojiandaa kwa uchaguzi wa mwaka uliofuata. Mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza silat katika orodha ya urithi wa binadamu. Sina ugomvi na medali.

Ugomvi wangu ni na kozi fupi za kuuzia wageni vyeti vya ualimu, na na dhana kwamba kiapo peke yake kinatosha. Jawa Mashariki kuna vyama vikubwa vya silat vyenye viapo vizuri kabisa, na bado vijana wao wamekuwa wakipigana barabarani chama kwa chama. Kiapo kinahitaji mtu mzima anayekujua kwa sura na kujua una deni wapi. Ukiwa na wanafunzi maelfu, huyo mtu ni nani?

Na nimlaumu Abah pia, kwa sababu makala ya sifa tupu angeicheka. Unyenyekevu wake ulikuwa na upande wa hasara. Kuna mambo aliyoyajua ambayo hakuyatoa, kwa madai kwamba yeye si wa kuyafundisha, wapo wakubwa wake. Wakubwa hao wengi wamekwisha kufariki. Elimu ya kuunga mifupa hasa, pale inapochanganyika na dua na majina ya mizizi, alikuwa akiigawa kwa tone. Mtu anaweza kujishusha hadi akazikwa na alichonacho, na nadhani mitindo kadhaa ya Jawa imepotea hivyo hivyo, kwa heshima zote. Nilimwambia. Akaniuliza kama nimekula.

Ada hakutaka. Tulipeleka sukari, kahawa, mchele, sigara zenye karafuu alizozipenda kupita kiasi kwa mtu anayetibu watu. Anayetaka kwenda kujifunza Bogor nampa ushauri mmoja: ukiulizia mwalimu wa silat utapelekwa klabu, na huko utafundishwa vizuri tu, kwa ratiba na sare. Ukimtaka mtu kama Abah, ulizia nani mtaani anaunga mifupa, uende na sukari, na simu uiache mfukoni mpaka mwenyewe akuombe mpigwe picha.